Nyota Hazikupatana

Kwetu mtu akitajwa, swali la kwanza ni: wa nani huyo? Baba yake nani, kabila gani, walirudi kutoka Unguja au kutoka bara, na kabla ya kwenda huko walikuwa wa kijiji gani cha mkoa huu wa Sharqiyah, Oman. Nikimkumbuka Mwalimu sitaki kuanzia hapo. Yeye mwenyewe angeanzia hapo, na angekutajia mababu zake mmoja mmoja bila kupumua. Mimi nilimjua akiwa mtu mzima tayari, mjane, jirani wa ukuta mmoja katika mtaa wetu wa Ibra. Yaliyonifanya nimpende na yaliyonifanya nimlilie yote niliyaona kutoka upande wa pili wa ukuta huo, au nikiwa nimeketi kwenye zulia lake na kikombe cha kahawa mkononi.

Hakuwa mwalimu wa skuli. Hakuna wizara iliyomwajiri. Lakini kila alasiri, isipokuwa Ijumaa, viatu vya wanawake vilijaa kizingitini kwake. Alisomesha Kurani, alisomesha kusoma na kuandika, na wale waliorudi kutoka Afrika wakiwa na watoto wakubwa aliwasomesha jambo ambalo hakuna chuo kinacholisomesha: namna ya kuwa Mwomani bila kuonekana umeanza jana. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Tulitoka Bujumbura, na Kiarabu cha mama kilikuwa cha kuswalia tu. Siku moja alikwenda matangani akampa mfiwa mkono, na kwa kihoro cha kutafuta neno akamwambia "mabruk". Aliyekwenda kutoa pole akatoa pongezi. Alirudi nyumbani akavua buibui lake akasema hatoki tena mpaka siku ya kuzikwa kwake.

Mwalimu alisikia. Akaja na sahani ya tende, akakaa, asicheke hata kidogo.

"Mie nilipofika nchi hii," alimwambia mama, "nilikwenda kwa muuza nyama nikataka kumwambia anichinjie mbuzi. Nikamwambia anichinje mie. Yule mzee kashika kisu kanitazama, kasema, bibi, hebu rudi nyumbani kwanza ukawaage watoto."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake viatu vyake vilikuwa kizingitini kwa Mwalimu pamoja na vya wengine. Baada ya miezi aliandika jina lake kwenye karatasi ambayo baba aliibandika jikoni.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini Unguja cha zamani, na alikilinda kama watu wanavyolinda dhahabu za harusi. Sisi wa bara alituvumilia. Vijana waliozaliwa Oman hakuwavumilia. Mtoto wa jirani akisema, "Mwalimu, naomba kiti yangu," alimjibu, "Kiti yangu simjui, hajapita hapa. Kiti changu nakijua, kiko uwani," na hakikutoka kiti mpaka ngeli ikae mahali pake. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kutembea kwa haraka kama mtu aliyeitwa. Alinusa udi kabla ya kuununua na hakuna muuzaji katika soko la wanawake la Jumatano aliyethubutu kumdanganya. Hakusengenya. Mtu akianza habari za mtu, Mwalimu alinyanyua dele la kahawa na kuuliza kwa sauti kubwa, "Nani nimmiminie?" na maneno yakakatika.

Alikuwa na semi zake. Moja aliipenda kuliko zote: "Watu ni meno ya kitana." Alimaanisha kwamba binadamu wako sawa, hakuna jino refu kuliko lingine. Nyingine ilikuwa: "Anayeogopa watu hana tena nafasi ya kumwogopa Mungu." Mama aliziandika zote mbili katika mazoezi yake ya mwandiko.

Na zisidhaniwe kuwa zilikuwa semi za mdomoni tu. Palikuwa na bibi mmoja mkongwe aliyekaa peke yake karibu na falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, katika nyumba ya udongo iliyoanza kumomonyoka. Mababu zake walikuwa watumwa wa nyumba moja kubwa ya hapo, na ingawa utumwa ulikwisha zamani, jambo hilo halikuwa limekwisha. Alipokufa, nyumba kubwa zilileta wali na sukari. Mikono ya kumwosha haikuletwa. Kila mtu alikuwa na mgongo unaouma, kila mtu alikuwa na mgeni. Mwalimu alifika, akatazama huku na huku, akakunja mikono ya gauni lake. Akaniita mimi nimshikie maji. Alimwosha yule bibi kwa upole kama anayemwogesha mtoto mchanga anayeogopa maji, akimsemesha, "Geuka kidogo, bibi yangu, tumekaribia." Tulipotoka, mwanamke mmoja wa nyumba kubwa alimwambia, "Umejitaabisha, Mwalimu." Akajibu, "Maji hayaulizi ukoo." Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimeajiriwa maabara ya hospitali, na siku hiyo nilijiambia kwamba nikizeeka nataka kuwa yeye.

Sasa niseme habari za televisheni, maana huko ndiko yalikotokea yale mengine.

Darasani Mwalimu aliikemea televisheni. Aliiita sanduku la upuuzi, na aliwasuta wanawake waliokatiza kisomo kwenda kutazama tamthilia za Kimisri. Lakini chumbani kwake, nyuma ya majlis ya kupokelea wageni, alikuwa na televisheni kubwa na mashine ya kanda za video, vyote viwili vimefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Ijumaa alasiri kitambaa kilikunjwa, na Mwalimu alitazama filamu za Kerala, kusini mwa Uhindi.

Aliyemtia katika mambo hayo alikuwa mpangaji wake. Tulimwita Sista Lisi, muuguzi Mmalayali, mtu wa huko Kerala, niliyefanya naye kazi hospitali, Mkristo, mwanamke mnene wa kucheka ambaye watoto wake wawili walilelewa na mama yake kwao. Alipanga vyumba viwili uani kwa Mwalimu. Ukutani alikuwa na picha yake ya Bikira Mariamu na taa nyekundu chini yake, na Mwalimu hakuwahi kumwambia aishushe. Walipika pamoja. Sista alijifunza Kiswahili hapo uani, bila ngeli hata moja, na Mwalimu, aliyemsahihisha kila mtu, yeye hakumsahihisha.

Siku ya kwanza niliyowakuta mbele ya televisheni, Mwalimu alishtuka akataka kurudisha kitambaa. Aliponiona ni mimi, akaniashiria niketi.

"Tazama," akaninong'oneza, kama tuko msikitini. "Tazama mvua ile."

Kwenye kioo ilikuwa ikinyesha juu ya paa la vigae. Minazi ilikuwa ikiyumba. Mwanamume aliyejifunga nguo nyeupe kiunoni, kama kikoi, alipita chini ya mfenesi akiwa na mwavuli. Jikoni mwanamke alikuwa akikuna nazi.

"Wanakula muhogo kwa samaki," Mwalimu akasema. "Fenesi wanalo. Pilipili manga wanayo, inapanda mtini kama kwetu. Nimeondoka Unguja sijaiona tena mvua ya namna ile. Hapa mvua ikija inakuja kuua, wadi zote zinafurika zinachukua magari. Ile mvua ya kukaa ndani ukaisikiliza, sijaiona tena ila humu."

Basi haikuwa ajabu kwamba aliitazama. Alikuwa akitazama kwao. Sista alikaa pembeni akimfasiria, Kiarabu kidogo, Kiingereza kidogo, Kiswahili chake cha uani, na Mwalimu aliwaamulia kesi zao wale watu wa kwenye kioo kama kadhi: huyu mwongo, huyu atajuta, huyu mwanamke mjinga lakini moyo wake safi. Mlango wa nje ukigongwa, kitambaa kilirudi juu ya televisheni kwa kasi ambayo hukuitarajia kwa mtu wa umri wake. Tulicheka, sote watatu. Ulikuwa unafiki mdogo, wa kuchekesha, na nani hana wake.

Mwaka mmoja Mwalimu aliteleza kwenye ngazi za dari akaangukia mkono. Rayya, binti yake wa pekee, aliyekuwa amemaliza chuo cha ualimu na anasomesha skuli ya wasichana pale pale Ibra, alimleta hospitali. Aliyempiga picha ya eksirei alikuwa Mubarak, kijana wa Al Kamil, mji ulio njiani kwenda Sur. Alikuwa mtaratibu. Kila mgonjwa aliyeingia katika chumba chake cha giza alitoka akimwombea dua. Alimwekea Mwalimu mto chini ya kiwiko, akamwomba radhi kwa kila maumivu kabla hayajatokea, na alipoona mfupa umepata ufa alimweleza polepole.

"Kijana huyu kalelewa," Mwalimu alisema njiani kurudi. "Mama yake kafanya kazi."

Mkono ulihitaji kutazamwa tena, na tena. Rayya alimsindikiza kila mara. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu hapakuwa na zaidi ya hapo: maneno machache ukumbini, mbele ya watu, na siku moja Mubarak akanifuata maabara, masikio yamemwiva, akaniuliza kama binti yule ameposwa.

Alikuja kuposa kwa njia iliyo sawa. Mama yake alikuja kutoka Al Kamil na wanawake wawili wa kwao, na halwa, na nguo zao nzuri kabisa. Mama yangu na mimi tulikuwepo kusaidia. Mwalimu aliwapokea vizuri, akawaweka mahali pa heshima, akawauliza safari. Lakini alipouliza, kama inavyoulizwa, nyumba ya akina nani, na mama yake Mubarak akajibu, niliona kitu kikipita usoni kwa Mwalimu kama kivuli cha ndege. Jina lile kila mtu wa Sharqiyah alilijua. Lilikuwa jina la kabila kubwa, lakini wao walilibeba kwa sababu mababu zao walikuwa mali ya kabila hilo.

Baba yake Rayya alikuwa amekufa. Walii wake, mwenye haki ya kumwozesha, alikuwa ami yake wa Nizwa, mtu mpole asiyependa makuu. Alipopigiwa simu alisema, "Shemeji, mwenye elimu ni wewe. Ukisema ndiyo, Ijumaa nakuja kuozesha. Ukisema siyo, basi siyo." Jambo lote likawa mikononi mwa Mwalimu.

Siku zikapita. Kisha wale wanawake wakarudi kupokea jibu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina kahawa.

"Kijana hana ila," Mwalimu akasema. "Na nyinyi ni watu wa heshima. Lakini nimeswali istikhara. Nimemwomba Mungu anichagulie, na moyo wangu haukufunguka."

Istikhara haipingwi. Ukisema mtu ana hasira, utaambiwa atapoa. Ukisema hana nyumba, utaambiwa atajenga. Ukisema Mungu kakataa, nani atasimama kubishana naye? Mama yake Mubarak aliinamisha kichwa. "Alilolichagua Mungu ndilo la heri," akasema. Akaondoka na wenzake, na halwa yao ikabaki katikati ya zulia bila kuguswa.

Rayya alitoka chumbani walipokwisha kwenda.

"Mama," akasema, "si ulisema watu ni meno ya kitana?"

"Nilisema. Na sijamkataa mie, mwanangu. Kakataa Mungu."

Rayya akainama, akaichukua ile halwa akaipeleka jikoni. Muhula ulipokwisha aliomba uhamisho, akapelekwa Sur, huko pwani.

Filamu niliyotaka kuisema ilikuja baada ya hapo, Sista Lisi alipokuja na kanda aliyoiazima kwa Mmalayali mwenye duka la video sokoni. Alituambia watu wa kwao wote hospitali wanagombana juu yake, nusu wanamtetea baba, nusu wanamlaani.

Ilikuwa habari ya mwalimu mkuu wa kijiji. Mzee safi, nguo nyeupe, mwavuli mweusi. Akipita, watu wanasimama. Katika maktaba ya kijiji anahutubia: matabaka ni aibu yetu, binadamu ni mmoja, na hawa wanaosoma nyota na kuwaambia watu nani amwoe nani ni wadanganyifu, wafukuzeni. Watu wanapiga makofi. Anakwenda kunywa chai kwa mgema, mtu wa tabaka la chini anayepanda minazi kugema tembo, na anakaa naye benchi moja. Mtoto wa mgema amesoma kwa msaada wa mwalimu huyo huyo, amekuwa karani wa posta.

"Mtu mwema," Mwalimu akasema. "Nimempenda."

Kisha binti wa mwalimu mkuu na yule karani wakapendana. Mgema akaja kuposa, amevaa shati jipya, hakujua aweke wapi mikono yake. Mwalimu mkuu akamkaribisha kiti. Akasema atafikiri. Na alasiri moja mvua ikinyesha, ukamwona mzee yule akifungua mlango wa nyuma, wa jikoni, na anayeingia ni msoma nyota mwenye vitabu vyake vilivyoandikwa juu ya majani makavu, mmoja wa wale aliowatukana maktabani.

Mwalimu alicheka kwa sauti. "Mnafiki! Tazama, kamwingiza mlango wa nyuma! Lisi, huyu mnafiki huyu!"

"Ngoja, Mwalimu," Sista akasema. "Bado."

Msoma nyota hakufungua hata kitabu. Mwalimu mkuu alimpa la kusema. Kesho yake, barazani, mbele ya mgema na mwanawe, mzee akakunja mikono kifuani na kusema kwa huzuni sentensi ambayo Sista alitufasiria:

"Anasema, kijana yako nzuri sana, mimi napenda yeye kama mtoto yangu. Lakini nyota hazikupatana."

Kwenye kioo mgema alikuwa akirudi nyuma, akishuka vidato vya baraza kinyumenyume kwa adabu. Sikugeuka. Niliona mkono wa Mwalimu tu, ule uliovunjika, umelala juu ya zulia, na vidole vinaukusanya ukingo wa kanga na kuuachia, vinaukusanya na kuuachia.

Sista hakujua. Habari za istikhara zilipita akiwa kwao likizo. Basi aliendelea kufasiri, maskini, na kila neno alilisema wazi.

Nilingojea mwisho kama tunavyongojea miisho: binti ajiue, au kijana arudi tajiri, au kijiji kimzomee yule mzee. Hakikutokea hata kimoja. Karani akahamia mji mwingine. Binti akabaki nyumbani, akimwekea baba maji ya kunawa, akimtandikia, mtiifu, hamtazami machoni. Kijiji kikamfanyia mzee sherehe ya kustaafu na kumvika mashada ya maua, wanafunzi wakamsifu kwa kuwapigania wanyonge. Picha ya mwisho alikuwa ameketi barazani na maua shingoni, watu wanapita njiani na kumwamkia.

"Basi?" Mwalimu akauliza. "Imekwisha?"

"Imekwisha, Mwalimu."

"Hakuna aliyemjua?"

"Hakuna. Yeye anabaki na heshima yake yote."

"Na yule msichana? Hasemi neno?"

"Hasemi. Sasa mimi naona baba ana shida pia," Sista akasema, maana alikuwa katika nusu ya wanaotetea. "Yeye anaishi na watu. Ndugu, jirani. Kusema jukwaani rahisi. Watu watamcheka."

"Usimtetee," Mwalimu akasema. Sauti yake haikuwa ya kadhi tena. "Angesema kwamba anaogopa watu. Watu tunawaogopa sote. Kwa nini akazisingizia nyota?"

Akanyanyuka akaenda kutia udhu, ingawa alasiri tulikuwa tumeshaiswali.

Tangu hapo alibadilika, ila lazima ungekuwa jirani kuona. Darasa liliendelea. Bado alikuja na tende kwa waliofiwa, bado wanaorudi kutoka Afrika walipelekwa kwake kujifunza. Lakini ile ya kitana sikuisikia tena mdomoni mwake. Siku moja mama alimkumbusha, kwa kuwa alitaka kuitumia katika barua kwa dada yake, akamwuliza, "Mwalimu, ile ya kitana ulikuwa ukiisemaje?" Mwalimu akajibu, "Nimeisahau," na mama akarudi nyumbani akaniambia kwamba Mwalimu ameanza kuzeeka.

Wanawake walipomwomba awaswalie istikhara, kama walivyozoea, kuhusu posa na safari na nyumba, alikataa. "Swali mwenyewe," aliwaambia. "Mungu hana mkalimani." Wakasifu unyenyekevu wake. Kila alichokifanya kilimwongezea heshima. Nilimwona akiipokea heshima ile kama mtu anayepokea zawadi iliyoletwa nyumba isiyo yake, na hana nguvu za kusema mmekosea mlango.

Sista Lisi alimaliza mkataba akarudi kwa wanawe. Walilia sana, wao wawili, wakibadilishana kanga na kitambaa cha hariri. Ijumaa zikawa kimya. Rayya alikuja kila Idi. Aliubusu mkono wa mama yake, akakaa, akauliza afya, akajibu alichoulizwa, akarudi Sur kabla ya jua kushuka. Watu walimsifu kwa utiifu. Posa nyingine zilikuja, za nyumba zinazojulikana, naye akazikataa kwa adabu. Mubarak alingoja kwa muda mrefu kuliko ambavyo wengi wangengoja, kisha akaoa kwao Al Kamil. Nilimwona hospitali akigawa halwa kwa wafanyakazi. Aliponifikia alinipa kipande, hakuniuliza habari za mtu.

Miaka ilipita. Mimi niliolewa, nikapata gari. Mwalimu akaanza kwenda kwa mkongojo, na sukari ikamwingia machoni. Alhamisi moja asubuhi, siku ya mapumziko, alinigongea mlango, amevaa nguo za kutokea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nipeleke Sur."

Hatujafika mbali alinambia, akitazama mbele, "Ile istikhara sikuiswali."

Niliacha lori litupite.

"Nilikaa juu ya mswala nikaogopa," akasema. "Niliogopa nikimwuliza Mungu ataniambia ndiyo. Basi sikumwuliza. Nikalala."

Rayya alikuwa akikaa ghorofani, karibu na skuli yake, nyumba safi yenye vitabu vingi. Alishangaa kutuona siku isiyo ya Idi. Alitupikia, tukala. Baada ya chakula aliketi chini akimenya chungwa. Mimi nilitaka kutoka, lakini Mwalimu alinishika mkono nisiondoke.

"Rayya, nimekuja na neno."

"Sema, mama."

"Ile istikhara ya Mubarak. Sikuiswali."

Kisu hakikusimama. Ganda liliendelea kushuka, refu, bila kukatika.

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Tulikuwa tukilala chumba kimoja. Siku zile nilikuwa sipati usingizi. Nilikuona umekaa kwenye mswala, halafu ukaukunja. Ukalala mpaka alfajiri. Siku zote zile, mpaka uliposema jibu."

Mwalimu akamgeukia. "Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kwa ami? Kwa mama yake Mubarak? Niwaambie mama yangu kamsingizia Mungu? Wanawake wa Ibra wanajifunza dini kwako. Mama yake huyu kaandika jina lake kwa mara ya kwanza mbele yako. Nani angekaa tena kwenye zulia lako?"

"Ningekaa mie na aibu yangu."

"Usingeiweza, mama. Ungeiweza usingesema ulilolisema."

Niliinamisha uso. Chini, watoto walikuwa wakicheza mpira na kugombana kama umetoka au haukutoka.

"Ukanisitiri," Mwalimu akasema.

"Nilikusitiri. Nilifikiri utasema mwenyewe. Nilikupa mwezi, nikakupa mwaka. Kila nilipokuja Idi nilikuwa nakungoja. Mubarak naye alikuwa bado anangoja, uliyajua hayo? Alipooa, nikaacha kuwangoja nyote wawili."

Mwalimu alianza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye misiba. Alilia bila kufunika uso, kwa macho yale yasiyoona vizuri.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama. Zamani." Rayya akaligawa chungwa, akaweka vipande kwenye kiganja cha mama yake na kukifumba kwa vidole vyake mwenyewe. "Kula."

Akala. Kipande kimoja kimoja, akilia, kama mgonjwa anayelishwa dawa.

Mlangoni, tulipokuwa tukiondoka, aliuliza, "Nije tena?" Na Rayya, ambaye alikuwa akimsaidia kuvaa viatu, akajibu bila kunyanyua kichwa, "Hii nyumba ya mtoto wako. Mama haombi ruhusa." Hakusema njoo, hakusema usije.

Njiani kurudi, tulipoingia Al Kamil, Mwalimu alinambia nipunguze mwendo. Barabara ilikuwa na maduka pande zote mbili, matairi, vyombo vya plastiki, malori yamesimama, watu wanatoka kuswali alasiri.

"Mama yake Mubarak ana nyumba hapa," akasema. "Unaijua?"

"Amefariki, Mwalimu. Mwaka wa pili huu."

Gari la nyuma likapiga honi. Aligeuza uso wake dirishani akatazama wale watu wanaotoka msikitini, ambao najua hakuwaona ila weupe wa kanzu zao, mpaka wote wakatawanyika.

"Twende," akasema.